Bibi Ninayemhudumia Anataka Kufunga Yom Kippur, Nami Bado Nina Donge Moyoni

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, mzaliwa wa Tanga, na kwa sasa ninaishi New Jersey, Marekani, ambako ninafanya kazi ya kuhudumia wazee majumbani. Kwa miaka miwili na miezi kadhaa nimekuwa nikikaa na bibi mmoja wa Kiyahudi mwenye umri wa miaka 84, mjane, ambaye ana kisukari na huchomwa sindano ya insulini kila siku. Ninalala kwake siku tano za juma. Ninampikia, ninamsaidia kuoga, ninampima sukari asubuhi na jioni, na mara nyingi tunakaa tu tukizungumza, kwa sababu binti yake wa pekee anaishi mbali, California, na huja kumwona mara mbili kwa mwaka.

Jambo la kwanza linalonisumbua ni saumu yao iitwayo Yom Kippur. Shangazi, bibi huyu si mtu wa dini kwa namna ninavyoijua dini mimi. Jumamosi haendi sinagogi, anawasha televisheni siku ya Sabato, na hata nyama ya nguruwe nimemwona akila bila wasiwasi. Lakini ikifika siku hii moja anakuwa mtu mwingine. Mwaka jana alivaa gauni lake jeupe zuri, kisha miguuni akavaa raba za kitambaa. Nikadhani uzee umeanza kumchanganya, nikamletea viatu vyake vya ngozi, naye akavisukuma kwa mguu. Akawasha mshumaa uliomo ndani ya glasi, akauweka jikoni karibu na picha ya marehemu mumewe, na tangu jioni ile hakugusa chakula wala maji. Siku ya pili, saa tisa alasiri, nilimkuta ametota jasho na mikono inamtetemeka. Nilipompima, sukari ilikuwa 58 (mg/dL). Nilimshika kichwa nikamnywesha juisi ya machungwa. Aliinywa huku machozi yanamtoka, na usiku akaniambia kwamba nimemvunjia saumu ambayo amekuwa akiifunga tangu alipokuwa na miaka 12. Mwaka huu ameshaniarifu kwamba atafunga, na kwamba nisimguse.

Jambo la pili ni zito zaidi kwangu. Mwezi wa sita pete yake ya ndoa ilipotea, akanituhumu mimi. Hakunitukana. Alizungumza kwa upole, na upole huo ndio ulioniumiza: alisema anajua nina watoto wa kusomesha, na kwamba nikiirudisha hatasema neno. Akampigia simu binti yake, binti akawapigia wakala walioniajiri, nikaitwa ofisini na kuhojiwa kama mwizi. Siku ya nne pete ilionekana ndani ya kidole cha glavu ya mpira ya kuoshea vyombo. Aliichukua, akaivaa, akanyamaza. Wale wa ofisini nao walinyamaza hivyo hivyo.

Juzi, mwaka wao mpya ulipokwisha kuingia, aliniita, akanishika mikono yote miwili, akaniomba nimsamehe kwa ile pete kabla ya Yom Kippur kufika. Nilishikwa na haya, nikacheka, nikamwambia, “Yameisha, bibi.” Akanijibu kwamba hayajaisha, na kwamba ataniuliza tena. Jana akaniuliza tena. Kwetu Tanga nasi tunaombana radhi kabla ya Mwezi Mtukufu, lakini aghalabu mtu huomba kwa jumla, nawe hujibu kwa jumla, mkaendelea na shughuli. Huyu anaitaja pete.

Naomba unifahamishe siku hii ni siku gani hasa. Nimwache afunge au nimlishe? Na nimjibu nini mtu ambaye mdomo wangu umeshamsamehe, ila moyo wangu bado?

Ni mimi mwanao,
Mlezi wa New Jersey

*

Marahaba mwanangu,

Barua yako nimeitanguliza mbele ya nyingine kwa sababu siku zimebaki chache. Mwaka huu wa 2026 Yom Kippur inaingia jua litakapotua Jumapili tarehe 20 Septemba, na inatoka usiku wa Jumatatu tarehe 21, nyota zikishaonekana. Yaani saumu ya takriban saa 25, bila daku katikati. Nami nina sababu ya kulijali jambo hili, kwani nilipokuwa nikisoma Baltimore nilipanga chumba kwa miaka minne katika nyumba ya familia ya Kiyahudi, na raba zile za kitambaa chini ya nguo nzuri zilinishangaza kama zilivyokushangaza wewe.

Nianze na uhai wa bibi, maana hauwezi kusubiri. Dini yake yenyewe haimtaki afunge ikiwa saumu itamhatarisha. Kuokoa uhai hutangulia Sabato, na hutangulia hata siku hii ambayo ndiyo takatifu kuliko zote katika mwaka wao. Mishna, mkusanyo wa sheria za Kiyahudi uliokamilishwa yapata mwaka 200, una kitabu kizima kuhusu Yom Kippur, na kitabu hicho kinaitwa Yoma, yaani “Siku”, kana kwamba nyingine hazihesabiki. Humo imeandikwa kwamba mgonjwa hulishwa kwa kauli ya wajuzi, na wajuzi wasipokuwepo hulishwa kwa kauli yake mwenyewe, mpaka aseme imetosha. Talmudi, mkusanyo mkubwa wa mijadala juu ya Mishna, ikaja ikalifafanua: mgonjwa akisema anahitaji kula na tabibu akasema hahitaji, anasikilizwa mgonjwa, kwa sababu moyo ndio unaoujua uchungu wake, lakini tabibu akisema mgonjwa ale, na mgonjwa akakataa, anasikilizwa tabibu. Hapo mwishoni bibi yako ametajwa kama kwamba walikuwa wakimwona.

Marabi, yaani wanazuoni wa dini yao, walilisimamisha hili juu ya aya ya Taurati, katika Mambo ya Walawi 18:5, inayosema kwamba mtu azishike amri za Mungu na kuishi kwazo. Wakasema: aishi kwazo, asife kwazo. Inasimuliwa kwamba mwaka 1848, kipindupindu kilipoingia Vilna (leo Vilnius, Lithuania), Rabi Israel Salanter, aliyekuwa mcha Mungu wa kupigiwa mfano, aliwatangazia watu wa mji huo kwamba wale siku ya Yom Kippur ili wasidhoofike wakafa. Kwa hiyo mwaka jana hukumvunjia bibi saumu yake. Sukari ikiwa 58, kwa mzee anayetumia insulini, ulitenda jambo ambalo rabi angekuamuru ulitende, na kwa juisi ile huna sababu ya kuomba radhi.

Hata hivyo machozi yake si ya kupuuzwa, na hutaki kurudia vita ile. Bibi ana akili zake timamu, na mtu mzima mwenye akili timamu halishwi kwa nguvu. Ndiyo maana mambo haya yanatakiwa kumalizwa kabla ya Jumapili, kwa simu mbili. Ya kwanza ni kwa daktari wake, pamoja na muuguzi wa wakala wako, ili aseme waziwazi kama bibi anaweza kufunga kabisa au hawezi, na kiasi gani cha insulini kitumike siku hiyo. Usipunguze wala kuongeza dozi kwa makisio yako, hata kama bibi mwenyewe atakusihi. Ya pili ni kwa rabi wa sinagogi lile analokwenda siku hiyo moja kwa mwaka. Mwombe binti yake aipige simu hiyo kama wewe unaona haya. La muhimu ni kwamba rabi azungumze na bibi mwenyewe, kwa mdomo wake. Wewe ukimwambia “kula”, anasikia mtumishi asiyeelewa. Rabi akimwambia “kula, ndiyo ibada yako mwaka huu”, anasikia amri.

Usishangae rabi akizungumza habari za tende. Kwa mujibu wa Mishna, anayehesabiwa kuwa amekula siku hiyo ni yule aliyekula kiasi cha tende kubwa pamoja na kokwa yake, na aliyekunywa ni yule aliyejaza shavu lake. Kutokana na hapo marabi huwapangia baadhi ya wagonjwa wale vipande vidogo chini ya kipimo hicho, kwa kuachana dakika kadhaa, mwili ukapata riziki yake na mgonjwa asijione ametengwa na wenzake. Wagonjwa wengine huambiwa wale kama kawaida. Ni lipi linamfaa bibi, hilo wataamua daktari na rabi wakishirikiana. Lakini sukari ikishuka chini ya 70, au ukiona jasho, kutetemeka na maneno kuchanganyika, hesabu za vipande zinakoma: mpe juisi mara moja, na akiwa hawezi kumeza usimtie kitu mdomoni, piga 911, namba ya dharura ya huko. Mwambie hivyo leo, akiwa ameshiba na ametulia, ili siku hiyo asione umemshtukiza.

Sasa nikujibu siku hii ni siku gani. Biblia ya Kiswahili huiita Siku ya Upatanisho. Ni siku ya kumi ya mwezi wao wa Tishri, kama Ashura ilivyo siku ya kumi ya Muharram. Mapokeo yao yanasema kwamba ndiyo siku ambayo Nabii Musa alishuka mlimani na mbao za pili, baada ya zile za kwanza kuvunjwa kwa sababu ya ndama, akiwa amekwisha kuwaombea watu wake msamaha na kupewa. Hekalu la Yerusalemu lilipokuwa limesimama, Kuhani Mkuu aliingia Patakatifu pa Patakatifu siku hiyo tu katika mwaka mzima, na mbuzi wawili walipigiwa kura, mmoja akatolewa dhabihu na mwingine akapelekwa jangwani amebebeshwa dhambi za watu. Warumi walilibomoa Hekalu mwaka 70. Kuhani akakosa mahali pa kuingia, na ibada yote ikahamia kwenye saumu, sala na toba za mtu mmoja mmoja, ndani ya sinagogi na ndani ya nyumba kama hiyo unayolala.

Makatazo ya siku hiyo ni matano: kula na kunywa, kuoga kwa kujiburudisha, kujipaka mafuta, kukaribiana mume na mke, na kuvaa viatu vya ngozi. Basi raba za bibi si uzee. Mshumaa ule wa kwenye glasi ni wa kumkumbuka mumewe. Huwaka kwa saa 24 au zaidi, nawe usiuzime kwa kuhofia moto, uweke tu mahali salama mbali na pazia. Na gauni jeupe lina habari yake, ambayo mimi naipenda kuliko zote. Mishna inasimulia kwamba zamani Yom Kippur ilikuwa miongoni mwa siku za furaha kubwa kabisa, kwa sababu ni siku ya kusamehewa, na mabinti wa Yerusalemu walitoka kwenda kucheza katika mashamba ya mizabibu wakiwa wamevaa nguo nyeupe. Nguo hizo wote waliziazima, hata wenye nazo, ili asiaibike yule asiye nayo.

Unauliza, bila kuuliza, inakuwaje anayekula nguruwe akafunga siku hii. Ni hali ya kawaida sana kwao. Wayahudi wengi ambao mwaka mzima hawashiki lolote huishika hii, kama sisi tunavyowajua watu wasioonekana msikitini mpaka sala ya Idi. Tarehe 6 Oktoba 1965, Sandy Koufax, mrushaji mpira bora wa timu ya Dodgers na mtu asiyejulikana kwa uchaji, alikataa kucheza mechi ya kwanza ya fainali za besiboli za Marekani kwa sababu iliangukia Yom Kippur. Bibi yako wakati huo alikuwa kijana. Muulize, nina hakika atakuwa na la kukusimulia. Mimi naona kwamba mtu aliyebakiwa na uzi mmoja tu unaomuunganisha na baba na mama yake huushika uzi huo kwa nguvu kuliko aliye na kamba kumi, na ndiyo maana alilia kwa juisi.

Nije kwenye pete.

Kati ya mwaka mpya wao na Yom Kippur kuna siku kumi za toba, na ndizo mlizomo sasa. Katika siku hizi bibi anatekeleza kanuni iliyomo katika kitabu kile kile cha Yoma: makosa baina ya mtu na Mungu, Yom Kippur huyafuta, makosa baina ya mtu na mwenzake, Yom Kippur haiyafuti mpaka kwanza amridhishe mwenzake. Wewe Mwislamu hili hukuanza kulijua leo. Umefundishwa tangu chuo cha Kurani kwamba haki ya mja haisamehewi mpaka mwenyewe asamehe. Afunge saa 25, asali sala zote tano za siku hiyo, apige kifua kwa ngumi katika ungamo lao linalofuata herufi za alfabeti, “tumekosa, tumesaliti, tumepora, tumesingizia”: akifika kwenye neno hilo la nne, pete itamrudia, na ufunguo wa jambo hilo unao wewe.

Musa bin Maimun, mwanazuoni na tabibu wa Kiyahudi aliyefariki Misri mwaka 1204, aliliandikia sheria kwa upana. Aliyemdhulumu mwenzake, hata akirudisha mali, lazima amwendee na kumwomba. Akikataliwa apeleke rafiki watatu wamwombee, na aende tena, hadi mara tatu. Baada ya hapo anamwacha, na dhambi inamhamia aliyekataa. Ndiyo sababu bibi alikwambia atakuuliza tena. Hakuudharau msamaha wako, aliona hajaupata.

Na mimi nakubaliana naye, mwanangu. Neno “yameisha” katika lugha yetu mara nyingi hufunga mlango wa mazungumzo. Mtu husema “yaishe” ili watu waondoke barazani, na yaliyomo kifuani yakabaki kifuani. Ulicheka kwa haya, naye akabaki amesimama nje ya mlango huo. Keti naye, zima televisheni, umwambie kilichokuumiza kwa jina lake: kwamba pete ingeweza kumpotea yeyote, lakini kukutajia watoto wako kama sababu ya wewe kuiba kulikukata. Acha asikie. Ameomba mara mbili akikushika mikono. Mtu wa namna hiyo anaweza kulibeba.

Kisha una haki ya kumwomba jambo moja, na nakusihi ulidai bila kusitasita. Tuhuma haikuishia jikoni kwenu. Ilifika California, ikafika kwenye ofisi ya wakala, na huko haijafutwa na yeyote. Jina lako lilichafuliwa mbele ya watu, basi lisafishwe mbele ya watu hao hao. Ampigie binti yake, na ampigie aliyekuhoji, awaambie kwa kinywa chake kwamba pete ilikuwa ndani ya glavu na kwamba alikosea. Na ofisi ikiandike hicho katika faili lako, maana faili ndilo litakalosomwa na mwajiri wako ajaye. Kumwomba hivi si kumwekea bei ya msamaha. Toba kwao, kama kwetu, inadai kurudisha kilichochukuliwa, na kilichochukuliwa kwako ni uaminifu wako.

Akishafanya hivyo, msamehe kwa maneno kamili: “Bibi, kwa ile pete, nimekuwia radhi.” Na kama donge litakuwa bado halijayeyuka, usimdanganye wala usijilaumu, mwambie kwamba umeamua kumsamehe na kwamba moyo unakuja nyuma, taratibu. Musa bin Maimun alimtaka mwenye kuombwa asiwe mkatili na awe mwepesi wa kuridhika. Kwa jinsi ulivyoandika kuhusu mazungumzo yenu ya jioni, sidhani kama wewe ni mkatili.

Kuhusu siku yenyewe, wewe hulazimiki kufunga. Kula chumbani kwako, wala usikaange vitunguu nyumba nzima ikanukia. Jumapili mchana mlishe vizuri na umnyweshe maji mengi, chumvi iwe kidogo, kwa sababu hata kula siku ya kutangulia saumu kunahesabiwa kwao kuwa ni ibada. Talmudi inasema aliyekula siku ya tisa ni kama amefunga ya tisa na ya kumi. Mfikishe sinagogini mapema, kwani sala ya ufunguzi, Kol Nidre, huanza kabla jua halijatua. Alasiri ya Jumatatu wanasoma kisa cha Nabii Yunus, nawe kisa hicho unakijua. Akiwa na nguvu, mrudishe kwa sala ya mwisho, Neila. Mimi niliwahi kusimama nyuma kabisa katika sala hiyo pamoja na mama mwenye nyumba wangu. Kabati la vitabu vya Taurati lilikuwa wazi, na desturi ni kusimama muda wote linapokuwa wazi, wazee wameshikilia migongo ya viti, sauti zimekauka, midomo imepasuka. Kisha pembe ya kondoo ikapulizwa mara moja, mlio mrefu, na yule mama, ambaye miezi minane tulikuwa hatusemezani vizuri kwa sababu ya kodi, akageuka akaniuliza kama nina njaa.

Usiku huo mwandalie futari nyepesi: mayai, samaki, mkate laini, chai. Pima sukari kabla na baada. Binti akipatikana kwa simu, mwekee bibi simu sikioni. Na ukipata nafasi baada ya hapo, niandikie rabi alisema nini, na kama ofisi imerekebisha faili lako. Wasipolirekebisha, nitakuelekeza namna ya kuwaandikia barua.

Shangazi yako